Mmea Uliofungwa Vitambaa

Siku yangu ya mwisho kitaluni mlinipa keki, kofia ya jua na mashine ya kupuliza majani uani. Keki tumekula. Kofia naivaa. Mashine nimeiweka gereji, na humo itakaa mpaka nitakapozikwa, si kwa dharau, bali kwa sababu nitakazozieleza hapa. Mutua, Rehema, na ninyi wengine mnaoingia kazini asubuhi na vikombe vya kahawa vinavyotosha kumwagilia kitanda kizima cha miche, mmekuwa mkiniuliza kwa nini mzee huyu kila Novemba anainama kwenye vyungu vya majani makavu huku anatabasamu. Nilikuwa nawajibu, "Ngojeni." Sasa nimestaafu na sina tena cha kuwangojesha.

Nilikuja Saint Paul, huku Amerika, kusoma kilimo, nikitokea Lushoto, na koti ambalo muuzaji wa mitumba aliniapia kwa jina la mama yake kwamba ni la baridi. Mama yake anisamehe kwa niliyoyasema baadaye. Kazi ya kitaluni niliipata kama wanafunzi wengi wanavyopata kazi: mwenzangu aliichoka, mimi nikaingia mahali pake. Ilikuwa kuosha vyungu. Vyungu vya plastiki, milima kwa milima, kwenye maji yenye dawa inayochoma pua, maana ugonjwa wa mche huanzia kwenye chungu cha marehemu aliyetangulia.

Mkuu wa sehemu ya kuotesha alikuwa mzee mmoja mwenye asili ya Norwei, jina lake Arvid. Alikuwa mrefu, mkimya, na akifurahi kupita kiasi alisema, "Si mbaya." Siku ya kwanza alinipa vitu vitatu: kisu, lenzi ndogo iliyofungwa kwa kamba ya kiatu ili niivae shingoni, na penseli. Nikamwonyesha kalamu yangu ya wino, nzuri, zawadi ya kumaliza shule. Akaitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa ndara harusini. "Wino huliwa na jua," akasema. "Ukifika Agosti una vibao mia vitupu na mimea mia isiyo na jina." Tangu siku hiyo naandika vibao kwa penseli, na kuna vibao vya Arvid mwenyewe ambavyo vinasomeka mpaka leo.

Mwishoni mwa majira yangu ya kwanza ya baridi, siku ambayo nilikuwa nimeshaamua kimoyomoyo kurudi nyumbani, Arvid aliniita nyuma ya banda. Theluji ilikuwa bado imelala, ile ya mwisho, ngumu na chafu kama sufuria iliyoungua. Akapiga magoti, akaifukua kwa mkono. Chini yake palikuwa na ua. Si chipukizi, ua kamili, limechanua, limeinamisha uso chini kama bi harusi. "Weka kidole chini ya kidevu," akaniambia, "uliinue." Nikaliinua. Ndani lilikuwa la kijani kibichi chenye nyuzi za manjano, hai kabisa, na barafu ilikuwa imeligusa shingoni.

Nilikotoka mimi maua hayahitaji ushujaa. Mvua ikinyesha yanatoka, na hayo ndiyo maisha yao. Sikujua kwamba kuna ua linaloweza kusimama mahali ambapo mimi mwenyewe, na koti na kofia na soksi mbilimbili, nilikuwa nashindwa. Nililia kidogo, na Arvid akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Sikurudi nyumbani.

Ua lile ni la jamii ya helebori. Wengi wenu mnazijua zile tunazouza, nyeupe, nyekundu, zenye madoadoa, zenye petali kama sketi ya mchezaji. Hizo zote ni machotara. Wazalishaji wa maua wamezichanganya vizazi kwa vizazi mpaka hakuna anayejua babu yake. Lakini nyuma ya machotara hayo kuna ndugu wa porini, wadogo, wenye haya, ambao wauzaji hawawataki kwa sababu hawajipambi. Arvid aliwapenda hao. Kuhusu hao alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka nikaiota: usiupe mmea jina mpaka umeuona mwaka mzima. Ua hudanganya. Picha ya ua hudanganya zaidi. Uone linavyotoka, uone jani likikomaa, uone mbegu, uone unavyolala. Ndipo useme.

Miaka ikapita, Arvid akastaafu, mimi nikakalia kigoda chake. Ndipo simu ikaja kutoka Oakdale, mji wa jirani, kwa mwanamke aliyeitwa Bi Ilona.

Bi Ilona alikuwa mwalimu mstaafu wa piano, mjane, sauti yake ndogo lakini hairudi nyuma. Alizaliwa upande wa mashariki wa Ulaya, kwenye vilima vyenye misitu, na alikuja huku akiwa mtoto, yeye na mama yake. Mama yake, kwa maelezo yake, alichimba mzizi mmoja nyuma ya nyumba yao asubuhi ya kuondoka, akaufunga kwa kitambaa kibichi, akautia ndani ya sufuria, akaifunika sufuria, na akaishika mapajani safari nzima. Alipofika akaupanda kabla ya kufungua mizigo. Mama alishafariki. Mmea ulikuwa bado upo, kwenye kivuli cha mti wa meple nyuma ya nyumba ya Oakdale. Au ndivyo Bi Ilona alivyoamini.

"Tatizo," akaniambia nilipofika, tukiwa tumesimama juu ya kichaka kidogo cha majani, "marehemu mume wangu alipenda maduka. Kila masika alinunua helebori akapanda hapahapa. Nyingine zilikufa, nyingine sijui. Nimepeleka picha kwa mtaalamu, akasema hii ni ya dukani ya kawaida. Nyumba nimeshaiuza. Wanunuzi watamwaga zege hapa, wajenge gereji. Nataka kujua kitu kimoja tu, Elia. Huyu ni wa mama yangu, au ni wa dukani?"

Kwenye dirisha la jikoni kwake niliona vyungu vya yale maua madogo ya rangi ya zambarau, yenye majani ya manyoya, ambayo bibi wa kila nyumba huku anayo. Nikamwambia kwamba kwetu Usambara ua hilo huota lenyewe kwenye miamba yenye kivuli, na sisi watoto tulilipita tukienda kuchota maji bila kuligeukia. "Basi wewe utanielewa," akasema.

Ilikuwa Septemba. Nikatoa lenzi. Jambo la kwanza ni jani. Jani la chotara la dukani hugawanyika kama mguu wa kuku: vidole vya pembeni vinaota juu ya vidole vingine, havianzii mahali pamoja. Jani hili vidole vyake vyote vilianzia nukta moja, kama vidole vya mkono vinavyoanzia kiganjani, na kila kidole kimechanika tena. Upande wa chini palikuwa na manyoya mafupi kwenye mishipa. Nilitamani kusema papo hapo. Lakini sheria ni sheria. "Siwezi kusema bado," nikamwambia. "Nahitaji mwaka mzima."

"Sina mwaka mzima hapa," akasema Bi Ilona. "Uchukue. Ila usiufanye ufe."

Nikauchimba kwa uma wa bustani, kwa upana, maana mizizi yake ni kamba nyeusi ndefu na haipendi haraka. Vaeni glavu, maji yake huwasha ngozi, na mmea mzima ni sumu kuanzia juu mpaka chini. Nikaukata kwa kisu vipande viwili, kila kimoja na machipukizi yake. Kimoja nikakipeleka kitaluni, kimoja nyumbani kwangu Fridley. Nikapanda juujuu, pale mizizi inapokutana na machipukizi pawe sawa na ardhi, udongo wenye mboji ya majani na kokoto za kutosha ili maji yasisimame. Juu nikatandaza majani ya meple, manene. Majani hayo ndiyo blanketi, na theluji ndiyo blanketi la pili. Watu wa mji huu wanailaani theluji toka Novemba, mimi peke yangu natoka nje asubuhi kuishukuru.

Kipande cha kitaluni kilioza. Kilikuwa chunguni, maji yakasimama, basi. Hilo mlijue: helebori ya porini huvumilia baridi kuliko sisi sote, lakini miguu mibichi humuua. Kule Oakdale zege lilimwagwa. Kwa hiyo mmea wa sufuria, kama kweli ulikuwa huo, ukabaki mmoja duniani, kwenye uwanja wa mtu wa Lushoto aliyekuwa akiamka kila asubuhi kuutazama kabla ya kuvaa viatu.

Oktoba majani yake yakawa manjano, kisha kahawia, yakalala. Machotara ya jirani yangu upande wa pili wa ua wa mbao yalibaki kijani mpaka theluji ikayafunika. Hiyo ndiyo alama kubwa kupita zote: wa dukani hulala amevaa nguo zake, huyu wa porini huvua kila kitu. Aprili yakatoka maua kabla ya jani hata moja, karibu kugusa ardhi. Nje yalikuwa na rangi ya zambarau lililoiva, lile ambalo bado lina vumbi lake la kijivu ambalo mtoto hulifuta kwa shati kabla ya kula. Ndani, kijani. Nililala kifudifudi kwenye matope. Mwanangu Neema akafungua dirisha. "Dad, are you okay?" Nilikuwa sawasawa. Wataalamu wanauita *Helleborus purpurascens*, na huota kwenye vilima vilevile alivyovitaja Bi Ilona.

Nilikwenda kumwambia kwenye makazi ya wazee alikohamia, hapohapo Oakdale. Nikamwambia neno moja kwa moja: "Ni wa mama yako." Akaufunika uso wake kwa mikono miwili. Baadaye akasema angependa auone ukichanua mara moja tena, aushike. Nikamwahidi kwamba sitauchimba tena mapema, ungekufa, lakini Juni nitachukua mbegu nimwoteshee wa kwake. Hapo ndipo mama yangu anapoingia.

Mama alikuja kututembelea mwanzoni mwa Mei. Ni mkulima, Mlutheri wa zamani, na mwanamke asiyeweza kunywa chai uwanja haujafagiwa. Kwetu uwanja wenye majani ni uwanja wa mtu mvivu au mgonjwa. Siku ya pili alikata vijiti vyekundu kwenye kichaka changu, akavifunga kwa ukanda wa kanga, akawa na ufagio. Nikamwomba asifagie kitanda cha maua, nikamweleza habari ya blanketi. Akanisikiliza kwa huruma.

"Kwa hiyo, Elia," akasema, "umesoma Amerika miaka yote hii, ukawa shamba boi."

"Mkuu wa kuotesha, Mama."

"Haya. Mkuu wa shamba boi." Lakini kitanda alikiacha, neno lake alilishika.

Jumamosi nilikuwa nampeleka Cedar-Riverside, mtaa wenye Waafrika wengi, kununua unga wa muhogo na kusikia Kiswahili. Siku nyingine alishinda nyumbani peke yake na ufagio wake.

Juni ikafika, maganda ya mbegu yakaanza kuvimba. Sasa sikilizeni, hii ni ya kazini. Ganda la helebori hupasuka lenyewe, mbegu zikamwagika, na sisimizi wanazikimbilia kwa sababu kila mbegu ina kipande cheupe kitamu kwa ajili yao. Ukichelewa hupati kitu. Na mbegu hizi lazima zipandwe mbichi. Zikikauka kabatini hulala usingizi wa miaka. Dawa yake ni kifuko cha wavu. Nilikata pazia la zamani la neti, nikashona vifuko vidogo, nikavifunga kwa uzi mwekundu kwenye kila kikonyo. Mbegu zidondokee humo. Nikaenda kazini nimetulia.

Siku chache baadaye, niliporudi jioni, Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, Biblia mapajani, uso wa mtu aliyepigana.

"Elia, na huyu jirani mnaelewana?"

"Hatuna neno, Mama. Kwa nini?"

"Hasalimii."

"Ni wa hapa, Mama. Anainua mkono, ndiyo salamu yake."

"Hmm. Kakufungia vitambaa uani."

"Vitambaa gani?"

"Vya neti, na uzi mwekundu. Kwenye ule mmea wako unaoutazama kila siku mpaka umekonda. Nikajua tu, mtu mzima hawezi kuuangalia mmea hivyo bila kufanyiwa jambo." Akashika mkono wangu. "Usiogope. Nimevifungua vyote. Nimekung'uta vilivyokuwa ndani, vitu vyeusi vyeusi, sijui hata ni nini. Nimeomba. Nimefagia hapo pote, safari hii na kitandani, unisamehe, na uchafu wake wote na majani yake nimeusukumia mpakani, chini ya ua wa mbao. Urudi kwa mwenyewe."

Neema alikuwa mlangoni. "Wait. Bibi thought it was *witchcraft*?" Akacheka mpaka akakaa chini.

"Huyu anacheka nini?" Mama akauliza.

Kitambaa kilichofungwa kwenye mti, kwa watu wa rika la Mama, hakina maana mbili. Ningemwambia nini? Alikuwa amenipigania. Nilikasirika, sifichi, nikaenda nyuma ya gereji nikasimama huko mpaka hasira ikapungua. Kisha nikapiga magoti mpakani na lenzi yangu. Chini ya kichaka cha lailaki, Mama alikuwa amekusanya majani yaliyooza, vumbi, mchanga, takataka za mwaka mzima, na mbegu nyeusi zimo humo kama pilipili manga kwenye pilau, na sisimizi walikuwa wameshafika, wanazibeba kila upande. Nyingine walizipitisha chini ya mbao, kwa jirani. Nikaacha. Mmea mama ulikuwa mzima. Nikajiambia mwakani nipo.

Mama aliondoka Septemba. Majira ya baridi yaliyofuata theluji haikuja. Mji mzima ulifurahi. Watu walitembea kando ya maziwa na mbwa wao, mimi nikawa nasoma utabiri kama barua ya hospitali. Januari baridi ikashuka, ile inayofanya misumari ya paa ilie, na ardhi iko wazi, na blanketi la majani lilikuwa jembamba pale lilipofagiliwa. Nikarundika majani mengine, nikaweka na gunia juu. Aprili nikafunua. Mahali pa machipukizi palikuwa laini, peusi, panatoa harufu.

Nilikwenda kumwambia Bi Ilona siku hiyohiyo, kwa sababu Arvid alinifundisha kwamba habari ya mmea uliokufa haikai vizuri kwenye gari. Sikumficha kitu, isipokuwa habari ya vitambaa, ambayo niliifupisha. Aligeukia dirisha. "Aliushika mapajani safari nzima," akasema. "Mimi nilikuwa nataka nikae kwenye miguu yake, hapakuwa na nafasi."

Mei, jirani aliinua mkono, halafu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nihamie, akaongea. "Kuna magugu yako upande wangu," akasema. "Nilitaka kuyakata. Halafu nikaona yana sura."

Nikaenda. Chini ya mbao, upande wake na upande wangu, miche imesongamana kama mchicha uliomwagwa na mtu asiyejua kipimo. Kila mmoja ana majani yake mawili ya kwanza, mviringo, yanang'aa, na katikati jani dogo la vidole vitatu linasukuma. Miche ya helebori, bila shaka yoyote. Mama alikuwa amefanya kila kitu ambacho mtaalamu angefanya bila kujua hata kimoja: mbegu mbichi, kivuli, majani yaliyooza, ardhi isiyoguswa tena.

Lakini ya nani? Machotara ya jirani yalikuwa hatua chache tu, nayo humwaga mbegu kila mwaka. Nyuki nao hawaheshimu mipaka. Mche mdogo hauna ua wa kuonyesha wala jani la kusomeka vizuri. Sikumwambia Bi Ilona. Singeweza kumfufulia mama yake halafu nimzike tena. Michache niliiacha palepale ilipoota, mingine nikaipanda kwenye vyungu, nikaipeleka kitaluni, safari hii kokoto nyingi, nikafunika kwa wavu wa waya maana kindi wa mji huu ni wezi waliosomea, nikaanza kungoja. Mutua, ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kazi. Unakumbuka ulichoniambia Oktoba ile?

"Mzee, hizi zina-die, si tu-throw tu? Zinachukua space ya bure."

"Ziache, Mutua."

"Sawa, lakini mi naona zimeisha, walai."

Ndicho nilichokuwa nakitaka. Fikirini: maisha yangu yote ya kazi nimeamka kuomba majani yaishi, na Novemba ile nilikuwa napita kati ya vyungu naomba yafe. Baadhi ya miche ilibaki kijani, mibichi, imesimama; hiyo nikamrudishia jirani, ni yake. Lakini mingine, mingi, ikageuka manjano, ikawa kahawia, ikalala chini, chungu baada ya chungu, mpaka meza nzima ilionekana kama makaburi. Niliivua kofia yangu. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Sikuweza kuelewa, na sielewi mpaka leo, jinsi kijani kile cha vilima vya mbali kinavyojua, ndani ya mbegu iliyofagiwa na ufagio wa Lushoto, kwamba wakati wake wa kuvua nguo umefika.

Nikachukua chungu kimoja, nikaenda Oakdale. "Nimekuletea majani yaliyokufa," nikamwambia Bi Ilona. Akakitazama chungu kile kilichoonekana kitupu. Akanitazama. Aliishi na mmea ule maisha yake yote, hakuhitaji maelezo. Akakipakata mapajani, akafunika juu kwa viganja vyake, na hakuniruhusu nikichukue kukiweka dirishani mpaka naondoka.

Helebori ya porini haina haraka. Miaka kadhaa ni majani tu, yanazidi upana kidogo, yanakufa, yanarudi. Kila mwaka nilihesabu vidole vya jani na kila mwaka vilianzia nukta moja. Bi Ilona alikuwa anazeeka, mimi nazeeka, na mmea unajinyoosha taratibu kama mpangaji aliyeshalipa kodi ya miaka. Nilikuwa namwambia, "Mwakani." Naye alikuwa anajibu, "Mimi nipo, wewe je?"

Masika haya, mwezi mmoja kabla ya kustaafu, nilikuta matumba. Nikamleta Bi Ilona Fridley kwa gari la makazi yao, kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa blanketi mpaka kidevuni. Theluji ya kuchelewa ilikuwa imeanguka, nyepesi. Jirani alikuwa ameshamsafishia njia bila kuombwa. Tukamsogeza mpaka mpakani, chini ya lailaki, kwenye miche niliyoiacha palepale ilipoota. Maua yalikuwa manne, yametoboa theluji, rangi ya zambarau lenye vumbi, yote yameinama.

Nilimpigia Mama simu ya video. Kule Lushoto ilikuwa jioni, kuku wanaingia bandani. Alikuwa ameshasikia habari yote zamani na ameshaipanga upya kichwani mwake kwa namna inayompendeza.

"Ndiyo lile nililolipanda?"

"Ndilo, Mama."

"Linaliwa?"

"Hapana. Ni sumu."

"Ni dawa?"

"Wala."

"Sasa mnahangaika nini, ninyi watu?" Nikaisogeza simu karibu na ardhi. "Hiyo nyeupe ni nini?"

"Ni barafu, Mama. Limepita humo."

"Lenyewe?"

"Lenyewe."

Bi Ilona hajui neno hata moja la Kiswahili. Lakini aliona kwamba kuna mama kwenye simu na kwamba mama huyo anaona migongo ya maua tu. Akatoa mkono kwenye blanketi, akainama kupita nilivyodhani anaweza, akaweka kidole chini ya kidevu cha ua lililokuwa karibu, akaliinua uso, akalishikilia hivyo kuelekea simu. Kidole kilikaa pale, hakikuchoka.

Kisha Mama akasema, polepole, kwa sauti ambayo husemea kanisani, "Mwambie asilishushe. Bado nalitazama."